Nani Yumo katika "Sisi"? Tafsiri ya Semi za Kila Siku baina ya Kimalagasi na Kihawaii

1.0 Utangulizi

Kimalagasi na Kihawaii ni lugha za familia moja, Austronesia, ingawa kimoja kiko katika Bahari ya Hindi na kingine katika Pasifiki. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl alibainisha kwamba Kimalagasi kina uhusiano wa karibu na Kimaanyan cha Borneo. Kihawaii ni cha tawi la Polinesia. Undugu huo hudhihirika katika msamiati wa msingi: "mbili" ni *roa* na *lua*, "tano" ni *dimy* na *lima*, "mbingu" ni *lanitra* na *lani*. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba mfasiri wa semi za kila siku hanufaiki sana na undugu wa maneno. Anachohitaji zaidi ni mfanano wa kisarufi, nao hupotea pale tafsiri inapopitia lugha ya tatu.

2.0 Semi za Adabu

Mmalagasi anayeomba radhi au njia husema *azafady*. Ndani ya neno hilo mna *fady*, yaani "mwiko". Kwa asili ni ombi kwamba jambo lisihesabiwe kuwa mwiko. Kihawaii kina neno lake la mwiko, *kapu*, lakini mfasiri akilitumia hapa atakuwa ametoa katazo badala ya ombi. Usemi unaolingana ni *e kala mai*, ambao kitenzi chake kina maana ya kufungua na kusamehe. Kinachofasiriwa, basi, ni tendo la kuomba radhi, si maneno yanayolibeba.

3.0 Nafsi ya Kwanza Wingi

Lugha zote mbili hutenganisha "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. Kimalagasi kina *isika* na *izahay*. Kihawaii kina *kākou* na *mākou*. Tuchukue mwenyeji anayemwonyesha mgeni nyumba. Akisema *tranonay*, nyumba ni ya wenyeji. Akisema *tranontsika*, mgeni naye ni mwenye nyumba. Kihawaii hulipokea jambo hilo bila taabu: *ko mākou hale* na *ko kākou hale*. Lakini tafsiri ikipitia Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili, kauli zote mbili huwa "nyumba yetu", na mfasiri wa pili hubaki kubahatisha. Akikosea, mgeni hupewa nyumba isiyo yake, au ndugu hufanywa mgeni.

Kihawaii huongeza uwili: *kāua* (mimi na wewe) na *māua* (mimi na mwingine). Kwa hiyo *andao hisakafo*, "twende tukale", huwa *e ʻai kāua* kwa watu wawili na *e ʻai kākou* kwa zaidi ya wawili. Sentensi ya Kimalagasi peke yake haitoi idadi hiyo. Hutolewa na muktadha.

4.0 Hitimisho

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Kihawaii. Sheria ya mwaka 1896 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na shule za awali za Pūnana Leo zilianza kukirejesha Kihawaii kwa watoto mwaka 1984. Mwanafunzi anayejifunza semi kwa kupitia Kiingereza anaweza kurithi "sisi" moja mahali penye nne. Inapendekezwa kwamba kila usemi unaofasiriwa uambatane na maelezo mafupi: nani anasema, nani anaambiwa, na wako wangapi.