KOBE NA MATUNZO YAKE

Katika vijiji vya Rufiji na Kibiti si ajabu kumwona kobe uani, ameokotwa shambani na watoto. Pengine gamba lake limetobolewa tundu, akafungwa kamba asipotee. Afanyaye hivyo hakusudii ubaya. Adhani gamba ni kama nyumba tu, na mwenyewe yumo ndani salama. Sivyo. Gamba ni mwili wake: mbavu na uti wa mgongo zimeungana nalo, nalo lina damu na lasikia maumivu. Likitobolewa, taka huingia na kidonda huoza ndani kwa ndani. Kobe hapigi kelele, ndiyo sababu twadhani haumii.

Tena wako wamchanganyao na kasa. Kasa ana mapezi, hukaa baharini, na jike hupanda pwani kutaga mayai, kama katika fukwe za Mafia. Kobe ana miguu mizito ya nchi kavu. Amtupaye mtoni akidhani amrudisha kwao, huenda akamzamisha.

Yafaa pia kukumbuka sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kibali kwa atakaye kukamata au kufuga mnyama wa porini. Basi mwenye kobe asiye na kibali na aende kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya, apate shauri.

Aliye na kibali na ashike haya. Kwanza, asimfunge kamba, bali amjengee ua mpana wa fito, wenye jua na kivuli. Kwa kuwa damu yake haina joto la kwake, hupashwa na jua, lakini jua kali lisilo na kivuli humwua. Akipinduka chali, ageuzwe upesi. Pili, chakula chake ni nyasi na majani mabichi. Ugali, wali, nyama na maziwa si chakula chake. Gamba lahitaji chokaa. Mfupa wa ngisi uokotwao pwani, au maganda ya mayai yaliyopondwa, yatamfaa. Tatu, awekewe maji katika chombo kipana kisicho na kina. Nne, amshikaye na anawe mikono kwa sabuni, maana kobe aweza kuchukua vijidudu vya kuharisha.

Hata kobe wengi huweza kwisha. Mwaka 1919 kobe wakubwa wanne waliletwa kutoka Shelisheli hata kisiwa cha Changuu, Unguja. Kufika mwaka 1955 walikuwa wamezaana wapata 200. Lakini kwa ajili ya wezi, mwaka 1996 walisalia saba tu.

Kobe aishi miaka mingi, na huenda akamzidi umri aliyemwokota. Kwa hiyo twawasihi walimu na wazee wa vijiji wawaambie watoto: ukimkuta kobe njiani, mtazame, ujifunze, kisha mwache aende zake.