Mchana Una Masaa Kumi na Mawili

Masomo: Yoane 11:7-10, Marko 1:21-39, Danieli 6:1-10, Waefeso 5:15-17

Juma hili tunaongea juu ya kitu ambacho Mungu anampa kila mtu kwa kipimo kimoja: tajiri na maskini, mchungaji na mshirika, mwenye gari na mwenye kutembea kwa miguu. Kitu hicho ni siku. Franga ukimkopesha mtu, anaweza kukurudishia. Siku ikipita, hakuna wa kuirudisha.

Saa yetu na saa ya Biblia

Simu ikiandika 7:00, sisi tunasema ni saa moja ya asubuhi. Vijana wetu waliozoea kuhesabu kwa Kifaransa wanaona hesabu hiyo ni ya wazee. Lakini ndiyo hesabu ya watu wa wakati wa Yesu. Walianza kuhesabu jua likichomoza, wakaugawa mchana sehemu 12. Ndiyo maana siku ya Pentekoste Petro aliposimama kuhubiri ilikuwa saa tatu, na sisi tunaielewa bila shida: saa tatu ya asubuhi. Katika Matayo 20, mwenye shamba la mizabibu anatoka kutafuta wafanyakazi alfajiri, tena saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Msomaji wa Kiswahili anajua mara moja kwamba waliochukuliwa saa kumi na moja walibakiza saa moja tu jua litue.

Kwa Wayahudi, masaa hayo 12 yalirefuka wakati wa joto na kufupika wakati wa baridi, kwa sababu mchana wa kwao hubadilika. Sisi wa Bukavu na Goma tuko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo mchana na usiku wetu unakaribia kulingana mwaka mzima.

Katika Yoane 11, Yesu anataka kurudi Yudea, na wanafunzi wanaogopa kwa sababu watu wa huko walitaka kumpiga mawe. Yeye anawajibu kwa kuwakumbusha hesabu ya masaa 12. Maana yake ni hii: Baba amempa kazi, na amempa mwangaza wa kuifanya. Mwangaza huo hauwezi kukatwa na adui kabla ya wakati. Lakini pia una mwisho.

Hilo ndilo neno letu leo. Masaa ya siku yanatosha kwa kazi ambayo Mungu ametupa. Hayatoshi kwa kazi hiyo pamoja na kila kitu tunachoiongezea.

Siku moja ya Yesu

Marko sura ya 1 inatuonyesha jinsi Yesu alivyotumia siku moja Kapernaumu. Ilikuwa Sabato. Anafundisha katika sinagogi. Anatoka, anaingia nyumbani mwa Simoni na kumponya mama mkwe wake. Jua likitua, wagonjwa wa mji wanaletwa mlangoni, naye anawahudumia. Kisha, kabla ya mapambazuko, anaamka na kwenda peke yake mahali pasipo watu, anaomba.

Hapo Simoni na wenzake wanamfuata wakisema kwamba watu wote wanamtafuta. Angalieni jibu lake. Harudi kwa wale wanaomngoja. Anasema waende miji mingine, kwa maana alikuja kwa ajili ya kazi hiyo. Wagonjwa hawakuwa wameisha Kapernaumu, na haja yao ilikuwa ya kweli. Lakini baada ya maombi Yesu alijua ni kazi gani ya siku ile na ni ipi ya kuacha.

Wengi wetu tunachoka kwa sababu kila anayetuita tunamfuata. Jirani anaita, simu inalia, kikao cha familia, arusi, kikundi cha akiba. Vyote ni vizuri. Lakini hata Yesu hakuitika kila mwito. Na kama kazi ni nyingi kweli, Kutoka 18 inatupa njia nyingine: Musa alikaa kuamua mashauri ya watu toka asubuhi mpaka jioni, na mkwe wake Yetro akamwambia kwamba atajichosha yeye na watu pamoja. Akamshauri aweke wasaidizi wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Mama anayepika, anayefua, anayeteka maji na kuuza sokoni peke yake, na watoto wakubwa wameketi nyumbani, naye ana haja ya shauri la Yetro. Mchungaji vilevile, kama wazee na mashemasi wapo.

Kuomba na kufanya kazi

Hapa tuseme kweli kwa upendo. Katika makanisa yetu tunapenda maombi, na hatutaki moto huo uzimike. Lakini wako ndugu na dada wanaoingia katika chumba cha maombi saa mbili ya asubuhi na kutoka saa tisa, kila siku ya kazi, wakati nyumbani watoto hawajala, duka limefungwa, na bosi anauliza mfanyakazi wake yuko wapi. Ukiwauliza, wanajibu kwamba wamemweka Mungu mbele.

Tumwangalie Danieli. Aliomba mara tatu kwa siku, akipiga magoti. Wakati uleule alikuwa mmoja wa wakubwa watatu waliowasimamia maliwali wote wa ufalme. Adui zake walipochunguza kazi yake hawakupata kosa wala uzembe. Ilibidi wamtafutie neno katika dini yake. Maombi yake hayakuharibu kazi, na kazi haikuzima maombi. Petro na Yoane nao walikwenda hekaluni saa tisa, saa iliyojulikana ya maombi. Maombi yalikuwa na saa yake.

Kuna wakati wa kufunga na wakati wa kukesha, na Roho Mtakatifu anaweza kutuamsha saa yoyote. Lakini Paulo anamwandikia Timoteo kwamba asiyewatunza watu wa nyumba yake ameikana imani. Kwa hiyo, kama maombi yako ya kila siku yanakula saa ya chakula cha watoto, ubadilishe saa ya maombi. Mungu anasikia alfajiri pia. Na wewe unayesema kazi ni nyingi, huna nafasi ya kuomba: Danieli alikuwa na kazi nyingi kuliko wewe.

Saa ya mtu mwingine

Tumezoea kucheka tukisema ni «saa ya Kiafrika». Tufanye hesabu. Mazoezi ya kwaya yamewekwa saa tisa. Watu 40 wamefika, kiongozi anakuja saa tisa na nusu. Kila mmoja amepoteza nusu saa, lakini kikundi kimepoteza masaa 20. Ndani ya masaa hayo kuna mama aliyefunga meza yake sokoni mapema, kuna mwanafunzi aliyeacha daftari, kuna motari aliyekataa abiria. Hawatalipwa. Kama tunafundisha kwamba kuiba ni zambi, tuogope pia kuchukua masaa ya wengine bila ruhusa yao.

Jinsi ya kuigawa siku

Kwetu kupanga si rahisi. Maji yanaweza kutoka usiku, umeme ukaja saa ambayo hukuingoja, mvua ikafunga barabara. Ndiyo sababu mpango wetu uwe mfupi, na tuseme kama Yakobo anavyofundisha: Bwana akipenda. Tunashauri mambo matano.

1. Uanze jioni. Katika Mwanzo 1, siku inahesabiwa kuanzia jioni. Kabla ya kulala, andika mambo matatu tu ya kesho. Jaza bidoni, weka nguo za masomo za watoto tayari. Dakika 15 za jioni zinaondoa makelele mengi ya asubuhi.

2. Mpe Mungu saa inayojulikana. Hata kama ni nusu saa, iwe ileile kila siku, na watu wa nyumba waijue.

3. Jambo gumu lifanyike kwanza. Kati ya saa mbili na saa sita mwili bado una nguvu. Kama unauza makala au mboga, kama unasoma, kama unatafuta kazi, shika lile zito kabla ya maongezi.

4. Simu iwe na mipaka. Nusu saa ya kuangalia simu bila sababu kila siku inafanya masaa zaidi ya 180 kwa mwaka. Ukiyagawa kwa 12, ni michana 15 nzima.

5. Ulale. Yesu alilala ndani ya mashua wakati wa tufani. Anayejinyima usingizi kila siku mwishowe anasinzia kazini na katika ibada.

Wapendwa, Paulo anaposema katika Waefeso tuukomboe wakati, anatoa sababu: siku ni mbaya. Sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji mtu wa kutufafanulia neno hilo. Vita imewachukulia wengi wetu nyumba, mashamba na miaka ya masomo. Kwa hiyo mchana ambao tumeamka salama, watoto wako karibu na mikono ina nguvu, tusiuache upite bure.

Juma hili, kila jioni, nyumba nzima ijibu maswali mawili: Leo tumefanya kazi gani ambayo Mungu ametupa? Ni saa ya nani tumeipoteza?

Tuombe: Bwana, utufundishe kuzihesabu siku zetu. Utuonyeshe kazi ya leo, utupe nguvu ya kuimaliza na moyo wa kuacha isiyo yetu. Kwa jina la Yesu. Amina.