Msunguti na ng'ombe mwenye njaa

Kiangazi kikikaza na nyasi zikaisha, msunguti hubaki kijani. Majani yake ni magumu, yanang'aa, yamekaa mawilimawili kwenye tawi. Maua yake meupe yenye rangi kidogo ya waridi hunukia vizuri, na matunda yakiiva huwa ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Ukivunja tawi hutoka utomvu mweupe. Wamaasai huuita olmorijoi. Ni mti wa asili wa nchi kavu na kingo za misitu ya Afrika Mashariki, na ndio ambao wawindaji walichemsha magome na mbao zake kupata sumu ya mishale iliyoangusha hata tembo.

Sumu hiyo, uabaini, hushambulia moyo. Kila seli ya msuli wa moyo ina pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Pampu ikizibwa, kalsiamu hurundikana ndani, moyo hujikaza kupita kiasi, mapigo huvurugika, kisha husimama. Panya mmoja mkubwa wa ukanda huu, mwenye manyoya marefu, hutafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake ubavuni. Mbwa akimng'ata, mara nyingi hafiki mbali. Watafiti walieleza tabia hiyo mwaka 2011.

Wawindaji walikula nyama ya mnyama waliyemchoma mshale, kwa kuwa uabaini hupenya kwa shida kutoka tumboni kwenda kwenye damu. Wapo wanaohitimisha kutokana na hilo kwamba mbuzi akila majani hadhuriki. Si kweli. Mti una sumu nyingine za jamii hiyohiyo, na ng'ombe hali jani moja, hujaza tumbo.

Mifugo iliyozaliwa mahali penye msunguti huukwepa kwa sababu ya uchungu wake. Wanaokufa, kwa kawaida, ni wageni: ng'ombe wa mnadani aliyesafirishwa bila malisho, akafunguliwa kwenye kichaka asichokijua. Wengine huuawa na panga la mwenyewe, matawi yanapokatwa kusafisha shamba au kuziba boma. Usitegemee kwamba yakikauka yamepoa. Sumu ya mishale ilichemshwa kwa saa nyingi hadi ikawa nzito kama lami, na bado iliua.

Dalili ni kutokwa mate, kuharisha, tumbo kuuma, kulegea na mapigo yasiyo na mpangilio. Mara nyingi huoni chochote ila mzoga. Hapo ndipo lawama humwangukia nyoka au jirani, na mimi huwa na hofu nyingine kabisa: kimeta. Nacho huua ghafla. Basi usichune wala kupasua mzoga kwa sababu tu umeona majani ya msunguti karibu. Mwite daktari wa mifugo kwanza, na nyama isiliwe.

Ng'ombe aliyekula na bado yu hai asiswagwe kwenda nyumbani, maana moyo ulioingiwa na sumu hauhimili mwendo. Mwache kivulini, atulie, daktari amfuate hapohapo. Akiwahi, anaweza kumnywesha unga wa mkaa wa dawa unaonasa sumu tumboni. Kuung'oa kila msunguti sioni maana, ndege hula matunda yake yaliyoiva. Yatosha kuwalisha wageni kabla ya kuwafungulia, na kuyaondoa matawi yaliyokatwa siku hiyohiyo.