Wimbo wa Bagamoyo Uliopita Chini ya Uluguru

Nani kati yetu hakuambiwa kwamba jina Bagamoyo ni kilio cha mtumwa aliyeuacha moyo wake pwani? Mtoto akituuliza wimbo wenyewe ulikuwaje, tunakumbuka maneno mawili tu, "bwaga moyo", kisha tunanyamaza. Tumeona vema kuufuatilia, maana njia ya misafara ilipita hapa kwetu Morogoro, chini ya milima ya Uluguru.

Wimbo upo. Afisa wa Kijerumani aitwaye A. Leue aliuchapisha yapata mwaka 1900. Lakini si wa mtumwa, ni wa wapagazi watokao bara, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Kila mmoja alijitwika mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, akatembea nao kwa miezi. Walipokaribia pwani waliuambia moyo utulie, mji wa minazi u karibu. Wanausifia mji huo ngoma zake, wanawake waliochana nywele zikapendeza, na tembo la mnazi (hilo sisi hatulisifu!). Kwao kubwaga moyo kulikuwa kupumzika.

Misafara ilipita Simbamwene, mji uliojengwa na Kisabengo karibu na Morogoro ya leo. Stanley alipofika mwaka 1871 alikuta mji unatawaliwa na mwanamke, binti wa Kisabengo. Wake za wapagazi nao walisafiri, vyungu kichwani na watoto mgongoni. Hao hawatajwi sana vitabuni.

Basi kilio kilitoka wapi? Watumwa walishuka kwenda pwani kwa njia ile ile. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawakomboa watoto wengi, wakawalea na kuwaozesha. Mwaka 1882 walifungua misioni Morogoro. Kwa maoni yetu, masimulizi ya waliokombolewa na wimbo wa wapagazi yaliishi jirani mno, hata yakaungana midomoni mwa watu. Si jambo dogo. Tukimvisha mtumwa wimbo wa furaha wa mtu mwingine, machozi yake mwenyewe tunayapoteza.

Mama mwenye bibi anayeuimba wimbo huu kwa namna yake, akae naye jioni na daftari. Ayaandike maneno kama yanavyotoka, asiyasahihishe, na aulize bibi alifundishwa na nani.