Sifa Zilizomfika Kaburini

Wazee wetu husema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Ni kweli, lakini si kila siku. Viko vyema vilivyokaa ghalani miaka mingi, na mwenye kuvitengeneza akafa kabla ya kuona vikinunuliwa. Sikilizeni habari za mpiga saksafoni mmoja, Mmarekani mweusi, aliyeitwa Tina Brooks.

Msishangae jina la kike. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Harold Floyd Brooks. "Tina" ni jina la utani alilopewa kwa ajili ya udogo wa umbo lake. Alizaliwa tarehe 7 Juni 1932 huko Fayetteville, katika jimbo la North Carolina, na alipokuwa bado kijana mdogo jamaa yake walihamia New York. Kaka yake, David, naye alikuwa mpiga saksafoni.

Saksafoni ni chombo cha kupuliza kilichobuniwa na Mbelgiji, Adolphe Sax, katika miaka ya 1840. Mwili wake ni wa shaba, lakini sauti yatoka katika utete mwembamba unaoshikwa mdomoni, kama zumari. Ziko za namna nyingi. Brooks alipiga ile ya tenori, yenye sauti nzito kidogo.

Muziki wake ulikuwa jazi. Usifikiri ni dansi kama ile ya Morogoro Jazz au Tabora Jazz. Katika jazi ya Marekani wapigaji hupatana wimbo, huupiga pamoja, kisha kila mmoja kwa zamu huutunga upya papo hapo kutoka kichwani mwake, wenzake wakimshikilia. Namna ya Brooks, iliyoitwa hard bop, ilisitawi katika miaka ya 1950, nayo ilichota sana katika nyimbo za huzuni za watu weusi na katika uimbaji wa makanisa yao.

Jumamosi tarehe 25 Juni 1960, Brooks na wenzake wanne waliingia katika studio ya Rudy Van Gelder, jimbo la New Jersey, kuirekodia kampuni ya Blue Note. Tarumbeta ilipigwa na Freddie Hubbard, piano na Duke Jordan, besi na Sam Jones, na ngoma na Art Taylor. Santuri hiyo iliitwa True Blue. Ina nyimbo sita, na tano alizitunga Brooks mwenyewe. Ukiisikiliza hutasikia mtu anayepiga kelele ili atazamwe. Hata wimbo ukienda mbio, sauti yake ina majonzi, kama mtu anayeeleza jambo zito kwa upole.

Kampuni hiyo ilimrekodi mara nne akiwa kiongozi, kuanzia 1958 mpaka 1961. Muda wote wa maisha yake ilitoa moja tu, hiyo True Blue. Nyingine, Back to the Tracks, ilikwisha pewa namba, 4052, na kutajwa katika matangazo, lakini haikutoka. Baada ya 1961 hakurekodi tena. Heroini ilikuwa imemshika, ikala afya yake. Alifariki tarehe 13 Agosti 1974, mwenye miaka 42.

Lakini akiba haiozi. Tangu 1975 Michael Cuscuna alianza kupekua kanda zilizosahauliwa katika ghala la Blue Note. Mwaka 1985 kampuni yake, Mosaic, ilitoa zile kazi zote nne pamoja katika kasha moja. Baadaye True Blue ikatolewa tena na tena, na leo wapenzi wa jazi huitafuta kwa bidii. Mwenyewe alikuwa kaburini tayari.

Twajua katika Injili habari za mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini. Brooks hakuifukia, aliipeleka sokoni, na wengine wakaifungia ghalani. Hata hivyo, wazazi, msiwafiche vijana wenu ile sehemu ya heroini. Kipaji si ngao. Dawa za kulevya hazimwulizi mtu kama ana kipaji.

Tena tujitazame wenyewe. Twasema, "Mcheza kwao hutunzwa." Je, twamtunza? Yuko mwalimu wa kwaya anayetunga nyimbo usiku baada ya jembe. Yuko mpiga ngoma asiyekosa Misa hata siku za mvua. Yuko mtoto anayepuliza filimbi ya mwanzi machungani, nasi twamwita mvivu. Sifa za matangani hazimfikii masikioni. Jumapili hii, mkitoka kanisani, mshike mkono mmoja wao na umwambie asante angali anasikia.