FUNGUO ZA SARAFU ZA MTANDAO: NAMNA YA KUUNGANISHA KIFAA NA KOMPYUTA KWA USALAMA

Miongoni mwa wanachama wa vyama vya msingi, hasa vijana, wapo ambao baada ya kupokea malipo ya tumbaku au asali huweka sehemu ya fedha zao katika sarafu za mtandao, kama ile iitwayo Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009. Baadhi yao wamenunua kifaa kidogo cha kuhifadhia funguo za sarafu hizo. Kwa kuwa mara nyingi kompyuta iliyo karibu ni ile ya ofisi ya chama, katibu ndiye aombwaye msaada. Makala haya hayamshauri mtu yeyote kununua sarafu hizo. Nia yake ni kueleza kifaa hicho kinavyofanya kazi, ili mwanachama asipoteze jasho lake kwa kutojua, wala chama kisiingizwe katika hasara isiyokihusu.

Hali ya sheria

Kwanza yafaa ieleweke kwamba fedha halali ya Tanzania ni shilingi peke yake. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuwatahadharisha wananchi juu ya sarafu za mtandao. Mwezi Juni 2021, mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi, hata hivyo, si kufanywa fedha halali. Mwenye sarafu hizo akidhulumiwa, hakuna benki atakayoiendea kudai arudishiwe.

Wakazi wa Tabora hawahitaji kwenda mbali kuona kwamba thamani ya fedha hutegemea wale wanaoikubali. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji ilibeba nguo, shanga na nyaya za shaba badala ya sarafu. Mkuu wa msafara alilazimika kujua ni shanga za rangi gani zinazopendwa katika kila nchi aliyopita, kwani zilizokataliwa zilikuwa mzigo mtupu juu ya kichwa cha mpagazi. Tena mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokosa sarafu kutoka kwao walizipiga papa hapa Tabora, katika karakana ya reli. Miongoni mwake ilikuwamo sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliutwaa mji, na serikali iliyozitoa sarafu hizo ikawa imeondoka. Mwenye dhahabu alibaki walau na dhahabu yake. Mwenye sarafu ya mtandao hana cha kushika mkononi ila funguo.

Kifaa hiki ni nini

Wengi hudhani kwamba sarafu zimo ndani ya kifaa, kama noti ndani ya pochi. Sivyo. Sarafu ni maandishi katika daftari kubwa la hesabu ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani. Kifaa huhifadhi ufunguo wa siri, yaani namba ndefu sana ambayo ndiyo sahihi ya mwenye mali. Anayetaka kutuma sarafu huandika hati ya malipo katika kompyuta. Hati huingia katika kifaa, hutiwa sahihi humo ndani, kisha hurudi ikiwa imekwisha kutiwa sahihi. Ufunguo wenyewe hautoki. Ndiyo sababu kifaa kilichotengenezwa vizuri huweza kuulinda ufunguo hata kompyuta ikiwa na virusi. Kifaa cha Trezor kutoka Prague kilianza kuuzwa mwaka 2014, na mwaka huohuo kampuni ya Ledger iliundwa nchini Ufaransa.

Kifaa kinapoanzishwa hutoa maneno 12 au 24 yaliyochaguliwa kutoka katika orodha ya maneno 2,048. Maneno hayo ndiyo ufunguo wenyewe ulioandikwa kwa njia nyingine. Kifaa kikipotea au kikiharibika, maneno hayo yatarudisha kila kitu katika kifaa kipya. Lakini mtu mwingine akiyapata, mali ni yake.

Hatua za kufuata

1. Kifaa kinunuliwe kwa mtengenezaji au wakala wake anayetambuliwa, kamwe kisinunuliwe kwa mchuuzi wa mtaani wala kisiwe kilichokwisha kutumika. Kikija na maneno yaliyokwisha kuandikwa katika karatasi, ni mtego.

2. Mwanachama atumie kompyuta yake mwenyewe au ya mtu anayemwamini, wala si ya duka la intaneti. Betri iwe na chaji ya kutosha, maana umeme ukikatika programu ya kifaa inapobadilishwa kazi huweza kuharibika. Utumike waya uliokuja na kifaa, kwani nyaya nyingine hupitisha umeme tu.

3. Anwani ya mtengenezaji iandikwe kwa mkono herufi kwa herufi, na programu ichukuliwe hapo. Isitafutwe kwa kubonyeza matangazo wala viungo vilivyotumwa kwa simu. Programu ikishawekwa, iachwe ihakikishe kwamba kifaa ni halisi.

4. Namba ya siri ichaguliwe na mwenye kifaa, na isiwe mwaka wa kuzaliwa.

5. Maneno ya kurejesha yaandikwe kwa kalamu katika karatasi. Yasipigwe picha, yasitumwe kwa simu, wala yasiandikwe katika kompyuta kwa sababu yoyote ile.

6. Kabla ya kuweka fedha nyingi, kiwekwe kiasi kidogo. Kisha kifaa kifutwe na kurejeshwa kwa maneno yale. Kosa la herufi moja ni heri ligunduliwe siku hiyo.

7. Kila anapotuma, mwenye mali asome anwani na kiasi katika kioo cha kifaa chenyewe, alinganishe na anwani aliyopewa, ndipo akubali. Vipo virusi vinavyobadili anwani iliyonakiliwa katika kompyuta. Malipo yakishaingia katika daftari hayarudishwi.

8. Kazi ikiisha, kifaa kichomolewe. Kifaa na karatasi ya maneno visihifadhiwe mahali pamoja.

Hila zilizokwisha kutokea

Mwaka 2020 majina na anwani za wateja wengi wa Ledger ziliibwa kutoka katika kumbukumbu za biashara. Funguo hazikuguswa. Hata hivyo, mwaka 2021 baadhi ya wateja hao walipokea kwa posta vifaa bandia pamoja na barua ya kuwataka wahamishie maneno yao humo. Mwezi Novemba 2023 programu bandia yenye jina la Ledger ilionekana katika duka la programu la Microsoft, na watu waliibiwa zaidi ya dola 500,000. Katika hila zote mbili wezi hawakuvunja kifaa. Walimwomba mwenyewe maneno yake. Anayeomba maneno hayo, hata akijiita fundi au ofisa, ni mwizi.

Wajibu wa katibu

Kompyuta ya chama ina orodha ya wanachama, hesabu za mazao na mlango wa kuingilia katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Haifai kuchomekwa kifaa binafsi cha mtu yeyote, hata flashi. Katibu amweleze mwanachama hatua hizi kwa upole, lakini asiitoe kompyuta ya ofisi, wala asipokee kutunza maneno ya mtu.

Fedha za chama zikae benki, chini ya watia sahihi waliokubaliwa. Nchini Kanada, mwanzilishi wa kampuni ya QuadrigaCX alipofariki mwezi Desemba 2018, wateja waliambiwa kwamba yeye peke yake ndiye aliyejua funguo. Mwaka 2020 wachunguzi wa serikali walibainisha kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikwisha kufujwa naye kabla. Palipo na mshika funguo mmoja asiyekaguliwa, wizi na ajali havitofautiki.

Kwa mwanachama mwenyewe, ni vema mrithi wake ajue kwamba mali hiyo ipo na karatasi imewekwa wapi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.