Kupima Nguvu ya Injini kwa Chombo cha Kujitengenezea

Mtu wa Mkongani katika Kwale akitafuta injini ndogo ya kusagia mahindi, mara nyingi huonyeshwa iliyokwisha kutumika, imepakwa rangi mpya na kungurumishwa mbele yake. Ngurumo si kipimo. Injini iliyochakaa huweza kunguruma vizuri ikiwa haina kazi, lakini ikisha kufungwa mkanda wa kinu huzimika. Na fedha zimekwisha toka, pengine fedha za kikundi kizima.

Mfaransa Gaspard de Prony alibuni mwaka 1821 chombo kinachoifichua hila hiyo, na seremala wa kijijini aweza kukitengeneza. Ni vipande viwili vya mti mgumu, kama mbambakofi, vilivyochongwa ili vilikumbatie gurudumu zito la injini, na kubanwa kwa bolti mbili ndefu. Kipande kimoja hufungwa mkono wa ubao, na ncha yake, mita 1 kamili toka katikati ya gurudumu, huwekwa juu ya mizani ya dukani, upande ambao gurudumu likizunguka litaugandamiza mkono chini. Nati zikikazwa kidogo kidogo, injini hulazimika kufanya kazi, na mizani husema ni kiasi gani.

Kwanza yafaa kusoma mizani injini ikiwa imezimwa na nati zimelegezwa, kwa kuwa mkono nao una uzito wake. Mathalani uzito huo ni kilo 1, na injini ikifanya kazi mizani yaonyesha kilo 3: zabaki 2. Mizunguko ni 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. (Jicho haliwezi kuihesabu, alama ya chaki juu ya gurudumu na picha za polepole za simu ya mkononi zitafaa.) Duara la mkono wa mita 1 lina mita 6.28. Zidisha 2 kwa 6.28, kisha kwa 25, upate 314. Nguvu ya farasi mmoja, kwa kipimo cha James Watt, ni kuinua karibu kilo 76 mita moja kwa sekunde. Basi gawanya 314 kwa 76. Injini hiyo ina nguvu za farasi wanne na kidogo. Muuzaji aliyesema wanane ana neno la kujibu.

Hatari zipo. Mti hushika moto upesi kwa msuguano, kwa hiyo maji yadondoshwe juu yake daima, na jaribio liwe la dakika chache. Nguzo mbili imara ziuzuie mkono usirushwe ukamvunja mtu. Kazi ifanyike uwanjani, kwani ndani ya moshi wa injini mna hewa ya sumu isiyo na harufu.

Mwisho hupimwa mafuta: nusu lita hutiwa katika chupa, mzigo ukiachwa vile vile, na saa hutazamwa mpaka chupa iwe tupu. Injini mbili zenye nguvu sawa hutofautiana hapo, na tofauti hiyo mwenye kinu atailipa kila siku.